Visanduku vya Kuazima

Mwalimu mkuu alilaza rula juu ya karatasi. Ilikuwa picha ya fomu ya kujiunga na shule yake, imechapwa kwa rangi na kukunjwa mara nne: visanduku vya majina, orodha ya kuchagua kidato, na chini kabisa kitufe cha kijani kilichoandikwa "Tuma Maombi ya Kujiunga". Akapima kitufe, akanong'ona namba. Kisha akaipeleka rula ileile kwenye kioo cha kompyuta ya ofisini.

"Hiki cha humu ni kipana. Na visanduku havijapangana, vingine vimerudi ndani kama meno ya mtoto. Kijana, si ulisema itakuwa hivihivi?"

Alikuwa amesema. Mwaka ulikuwa 2009, mji ni Dar es Salaam, na mwandishi wa makala haya alikuwa na miezi minane tu katika ufundi wa tovuti, umri ambao mtu huahidi kwanza na kujifunza baadaye. Picha aliichora kwa Photoshop, mteja akaipenda, malipo ya awali yakatolewa. Kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ndani ya Firefox, fomu ilifanana na picha kama pacha. Hakuwahi kuifungua kwenye Internet Explorer 6, kivinjari kilichotoka mwaka 2001 na ambacho miaka minane baadaye bado ndicho kilichomsubiri mzazi kwenye mashine za Windows XP katika kila intaneti kafe aliyoizoea yeye mwenyewe.

"Nitarekebisha, mwalimu. Nipe siku mbili."

Zilikwenda wiki tatu. Karatasi ile anayo hadi leo, ndani ya bahasha ya kaki, na kila anapoombwa kutengeneza fomu ifanane na picha huikumbuka ile rula kabla ya kufungua mdomo.

Jambo la kwanza aliloligundua lilikuwa la hesabu. Alikuwa ameagiza kila kisanduku kiwe na upana wa pikseli 200, nafasi ya ndani pikseli 10 kila upande, na mstari wa pikseli 1 kukizunguka. Kisanduku cha kuandikia jina kilizichukua zile 200 kuwa za tumbo peke yake, kikaongeza nafasi na mistari juu yake, kikafika 222. Orodha ya kuchagua kidato ilizihesabu zile 200 kuwa za mwili mzima, ikabaki 200. Agizo ni moja, visanduku ni vya fomu moja, na kivinjari ni kimoja. Akiwa nyumbani alikwisha kuliona hilo, akalitibu kienyeji: akapunguza upana wa kisanduku cha jina hadi 178, ili vikijumlishwa na zile 22 vilingane na orodha. Vikalingana. Akalala.

Kumbe juu kabisa ya ukurasa, kabla ya mstari unaotangaza aina ya HTML, alikuwa ameweka mstari mwingine wa kutangaza XML, alioukopi kutoka kitabuni bila kuuliza kazi yake. Internet Explorer 6 ilipoukuta mstari huo hapo juu, iliacha kanuni za kisasa na kurudi kwenye kanuni za zamani, ambamo upana hubeba kila kitu, mistari na nafasi za ndani. Kwa hiyo 178 yake ikabaki 178. Hapo ndipo meno yaliporudi ndani. Kuufuta mstari ule kulichukua sekunde moja. Kuutafuta kulichukua siku nne.

Dawa ya kweli ya hesabu hii ilikuja na agizo la box-sizing, linalokiambia kila kisanduku kihesabu upana wake kwa kanuni moja. Internet Explorer iliijua tangu toleo la 8 la mwaka 2009. Firefox ilitaka jina lenye kiambishi chake yenyewe hadi toleo la 29, mwaka 2014. Leo ni mstari mmoja ambao vijana huuweka juu ya kila faili la CSS, lugha ya kupamba kurasa, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Kitufe nacho kilikuwa na kisa chake. Katika Internet Explorer 6 na 7, kadiri maneno ya kitufe yalivyokuwa marefu, ndivyo kivinjari kilivyozidi kukijaza hewa ubavuni. Kwa Kiingereza tatizo hili halikuonekana sana, maana neno la kutuma ni moja tu na ni fupi. Kiswahili hakina uchumi huo. "Tuma Maombi ya Kujiunga" ilivimba mpaka ikawa kama mto wa kochi. Tiba ilikuwa kuandika overflow: visible, agizo ambalo kazi yake halisi ni kueleza nini kifanyike kwa maandishi yanayofurika nje ya boksi, na ambalo kwa mantiki ya kawaida halihusiani kabisa na ubavu wa kitufe. Lilifanya kazi. Mafundi walipeana siri hiyo kama wanavyopeana dawa ya mitishamba: usiulize, kunywa.

Halafu kulikuwa na ile orodha ya vidato. Shule ilitaka menyu inayoteremka juu ya ukurasa, na kila ilipoteremka, orodha ya vidato ilichomoza katikati yake, imeipasua. Unaweza kuiagiza menyu ikae juu ya vitu vyote kwa namba kubwa upendavyo. Orodha haikusikia, kwa sababu haikuwa imechorwa na kivinjari. Ilikuwa dirisha dogo la Windows lenyewe lililobandikwa juu ya ukurasa. Njia ya kuifunika ilikuwa kuleta dirisha jingine la aina ileile, fremu tupu isiyoonekana, na kuitandika chini ya menyu kama mkeka. Toleo la 7 la Internet Explorer, lililotoka Oktoba 2006, lilikwisha kuliondoa tatizo hilo, lakini toleo la 7 halikuwa limefika ofisini kwa mwalimu.

Katika kuhangaika na mkeka ule ndipo swali lilipobadilika. Mpaka hapo alikuwa akiuliza, "Kwa nini kivinjari hiki kinakosea?" Akaanza kuuliza: hiki kisanduku ni cha nani?

Fomu ziliingia mtandaoni kabla CSS haijazaliwa. Kivinjari cha Mosaic kilikuwa nazo mwaka 1993. Zikaandikwa rasmi katika HTML 2.0 mwezi Novemba 1995. CSS ya kwanza, kazi ya Håkon Wium Lie na Bert Bos, ikapitishwa na shirika la W3C Desemba 1996. Katika miaka hiyo kivinjari hakikuwa na sababu ya kuchora kitufe wakati mfumo endeshi uliokibeba una vitufe tayari. Kikaazima. Kwenye Windows fomu ikavaa vitufe vya kijivu vya Windows, kwenye Mac vya Mac, kwenye mashine za Unix vya Motif. Aliyeandika ukurasa aliomba tu apewe hapa mahali pa kuandikia jina. Sura ya mahali hapo haikuwa yake, kama mpangaji wa chumba kimoja Manzese anavyoweza kuhamisha kitanda na kutundika pazia, lakini dirisha ni la mwenye nyumba.

Kuazima huko kulikuwa na busara. Mtu aliyezoea vitufe vya kompyuta yake alivitambua hata kwenye tovuti asiyoijua. Orodha ndefu ingeweza kufunguka ikapita ukingo wa dirisha, jambo ambalo ukurasa wenyewe hauwezi. Na kisanduku cha kupakia faili kililindwa makusudi, ili tovuti yenye hila isikijaze yenyewe na kujichotea nyaraka za mtu.

Hata wenye kanuni waliliogopa eneo hili. CSS 2.1, iliyokamilika rasmi Juni 2011, inakiri wazi kwamba haielezi ni maagizo gani yanahusu visanduku vya fomu wala yafanye kazi vipi. Inaviruhusu vivinjari viyatumie vikitaka, na inawashauri waandishi wa kurasa wauchukulie uwezo huo kuwa wa majaribio. Mwandishi huyu alipokisoma kifungu hicho alicheka peke yake mbele ya kompyuta. Miaka yote ile alidhani amevunja sheria, kumbe sheria yenyewe haikuandikwa.

Wengine walikwisha kupita njia hiyo. Mswidi Roger Johansson alijaribu mwaka 2004, kisha akarudia 2007, kuvipaka visanduku vya kila aina maagizo yaleyale na kupiga picha matokeo katika kivinjari kimoja baada ya kingine. Safu kwa safu za picha, na hakuna safu iliyolingana. Mwaka huohuo wa 2007 Eric Meyer, mmoja wa walimu wakubwa wa CSS, aliandika kuhusu ugeni wa visanduku hivi, na ukikaa ukafikiri unaona ugeni wenyewe haumo kwenye vivinjari tu. Ukiagiza kisanduku cha tiki kiwe na nafasi ya ndani ya pikseli 10, nafasi hiyo iingie wapi: kati ya tiki na ukuta wake, au nje ya ukuta? Ukitaka herufi za orodha ziachane, mshale wa pembeni nao usogee? Watu wenye akili timamu wanaweza kujibu tofauti, na ndivyo watengenezaji wa vivinjari walivyofanya.

Shule ililipa yote, bila punguzo la pole ambalo fundi hakuwa na ujasiri wa kulitoa. Yeye akapata kazi nyingine, na nyingine, na mwaka 2012 hivi akaingia katika zama za simu akiwa na kiburi kipya.

Kiburi hicho kilikuwa cha vivuli. Mtindo wa wakati huo ulikuwa visanduku vyeupe visivyo na mistari, vinavyoinuka juu ya ukurasa mweupe kwa kivuli chepesi cha box-shadow. Akaondoa mistari yote ya fomu ya mteja mmoja, akaweka vivuli, pembe akazizungusha. Kwenye Chrome ilipendeza, na hilo hata leo hawezi kulikana. Wiki ya kwanza zikaingia simu: watu wanaona maneno "Jina", "Simu", "Mtaa", halafu hawaoni pa kuandika.

Walikuwa wanatumia Opera Mini. Kivinjari hicho, kilichoenea duniani kuanzia 2006, kilikuwa mkombozi wa wenye vifurushi vidogo, maana ukurasa haufunguliwi na simu. Hufunguliwa na seva za Opera, ukakamuliwa na kutumwa simuni ukiwa mwepesi. Katika kukamuliwa huko vivuli na pembe za mviringo havibaki. Kisanduku cheupe kisicho na mstari, juu ya ukurasa mweupe, kikivuliwa kivuli kinabaki hewa. Fundi alikuwa amefuta fomu nzima kwa mkono wake na kuiita usanifu.

Tangu siku hiyo hajaondoa mstari wa kisanduku bila kuweka kitu kingine kisichotegemea kivuli. Baadaye aligundua kwamba kanuni hiyohiyo huwafaa watu wengine ambao hakuwahi kuwafikiria: wenye uoni hafifu wanaotumia Windows katika hali ya rangi kali. Hali hiyo hufuta vivuli na rangi za mwandishi wa ukurasa na kuweka za mtumiaji, lakini mistari huiacha, hata ile iliyoagizwa isiwe na rangi huirudishia rangi. Mstari wa pikseli 1 usioonekana na mtu mwingine yeyote huwa ndio ukuta wa pekee kwa mtu huyo.

iPhone ilimfundisha jambo dogo zaidi, la herufi. Kwa desturi visanduku vya fomu havirithi maandishi ya ukurasa: ukurasa unaweza kuwa na herufi kubwa na nzuri, na kisanduku kikabaki na herufi zake ndogo, pikseli 13 na kidogo kwenye Chrome ya kompyuta. Lazima ukiambie kirithi, kwa font: inherit. Na kwenye Safari ya iPhone, kisanduku chenye herufi chini ya pikseli 16 kikiguswa, kivinjari hukivuta karibu na ukurasa mzima hukua, pembe zikapotea nje ya kioo. Wateja huliita hilo "ukurasa unaruka". Wapo mafundi wanaolitibu kwa kuzuia ukurasa usikuzwe kabisa, yaani kumnyang'anya miwani asiyeona vizuri kwa sababu ya kukerwa. Pikseli 16 zinatosha.

Lakini somo lililomgharimu usingizi zaidi ni la tarehe.

HTML5 ilileta kisanduku cha tarehe, na kwa mtu aliyekuwa amechoka kuandika kalenda za JavaScript ilikuwa kama mvua ya kwanza. Chrome ya kompyuta ilikipata mwaka 2012, iPhone ilikuwa nacho mwaka mmoja kabla. Kituo kimoja cha mafunzo kikaomba fomu ya usajili, naye akaweka kisanduku hicho kwenye tarehe ya kuzaliwa. Akakipaka rangi, akakiongezea kimo, akakijaribu kwenye vivinjari vitatu, akaridhika kwamba vyote vinaonyesha kitu.

Hakutazama ni kitu gani. Kisanduku cha tarehe huipeleka kwenye seva kwa mpangilio mmoja usiobadilika: mwaka, mwezi, siku. Lakini kwa macho ya mjazaji hujionyesha kwa desturi ya lugha ya kivinjari, wala si ya ukurasa. Kompyuta nyingi za kafe zilikuwa na Chrome ya Kiingereza cha Marekani, na Marekani mwezi hutangulia siku. Mzazi wa binti aliyezaliwa Machi 7 aliandika 07/03, kama alivyoandika maisha yake yote, na binti akasajiliwa kuwa amezaliwa Julai 3. Waliozaliwa tarehe 13 na kuendelea waliinusa kasoro wenyewe, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo. Waliozaliwa mwanzoni mwa mwezi walipita kimya, na seva haikuwa na namna ya kujua, maana Julai 3 ni tarehe halali kabisa. Wafanyakazi wa kituo waliligundua walipolinganisha na vyeti vya kuzaliwa, cheti kwa cheti, kwa wiki nzima.

Kwenye Firefox mambo yalikuwa kinyume chake. Firefox ya kompyuta haikuwa na kisanduku cha tarehe hadi toleo la 57, Novemba 2017, na Safari ya kompyuta ikachelewa hadi 2021. Kivinjari kisichokijua kisanduku hukigeuza kuwa cha maandishi ya kawaida, jambo jema, ila seva ikapokea "7-3-98", "7 Machi 1998" na mmoja aliyeandika "mwezi wa tatu mwanzoni". Na kwenye simu nyingi za Android ilifunguka kalenda inayoanzia leo. Mzee aliyezaliwa 1951 alikuwa akitelezesha kidole mwezi mmoja mmoja kurudi nyuma, bila kujua kwamba akigusa ule mwaka wenyewe, maandishi madogo pale juu, orodha ya miaka hufunguka.

Rangi ya kisanduku haikuwa na kosa lolote. Alikuwa ametumia siku mbili kuhangaika na kimo chake, na dakika sifuri kuuliza mtu anaitajaje siku aliyozaliwa.

Sasa hutumia visanduku vitatu vya kawaida vilivyoandikwa Siku, Mwezi, Mwaka, kila kimoja na jina lake juu. Ndivyo ulivyo pia mwongozo wa usanifu wa huduma za serikali ya Uingereza, GOV.UK, kwa tarehe ambazo mtu anazijua kwa kichwa. Waandishi wa mwongozo huo walikwenda mbali zaidi mwaka 2020: waliacha hata kisanduku cha namba, ambacho kina tabia ya kubadilisha namba mtu anapozungusha gurudumu la kipanya bila kukusudia, wakarudi kwenye kisanduku cha maandishi kilichoongezewa inputmode ya tarakimu ili simu ilete kibodi ya namba.

Kisanduku cha saa alikigusa mara moja tu, kwenye fomu ya miadi ya kliniki. Mgonjwa aliyeambiwa na nesi "njoo saa mbili asubuhi" alifungua kisanduku, akachagua 02:00 AM, na mfumo ukampangia saa nane usiku. Hakuna kivinjari kinachojua kwamba kwa Mswahili hesabu ya saa za mchana huanza jua linapochomoza. Mahali pa kisanduku kile pakawekwa vitufe vya duara vyenye maneno: "Saa 2 asubuhi", "Saa 4 asubuhi", "Saa 8 mchana". Vitufe hivyo vilikuwa na umbo tofauti kidogo katika kila simu, na hakuna aliyepiga simu kulalamikia umbo.

Lugha ndiyo ukuta ambao CSS haiuvuki. Unaandika fomu yote kwa Kiswahili safi, unatangaza kwamba ukurasa ni wa Kiswahili, mtu anaacha kisanduku wazi, na kivinjari kinamkaripia kwa Kiingereza ndani ya kiputo ambacho huwezi kukipaka rangi. Chrome iliwahi kuruhusu viputo hivyo vipambwe, kisha mwaka 2013 ikaifunga njia hiyo. Maneno yanaweza kubadilishwa kwa JavaScript, kupitia setCustomValidity, lakini yana mtego: ukishaweka ujumbe wa kosa na usiufute mtu anaporekebisha, kisanduku hubaki na hatia milele na fomu haitumwi tena. Mtego huo ulimnasa mguu, kwenye fomu iliyokaa hewani siku mbili bila kupokea ombi hata moja, wakati mteja akidhani tangazo lake ndilo baya.

Kitufe cha kupakia faili ni kaidi zaidi. Maneno yake huandikwa na kivinjari kwa lugha ya kivinjari, na hakuna agizo la kuyabadilisha. Mafundi hukificha kitufe chenyewe na kuweka mahali pake lebo iliyopambwa, ambayo ikibonyezwa hukifungua. Ujanja huo yeye aliutumia miaka mingi, na miaka ya mwanzo aliutumia vibaya: alikificha kwa display: none, ambayo hukiondoa pia katika njia ya kibodi, kwa hiyo asiyetumia kipanya hakuweza kukifikia kamwe. Tangu mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 vivinjari vikuu vinakubali kitufe hicho kipambwe kilivyo, kwa ::file-selector-button. Maneno bado ni yao.

Kuna mengine ambayo yanachekesha zaidi kuliko yanavyoumiza. Ile njano ambayo Chrome ilikuwa ikiipaka kwenye kisanduku kilichojazwa kwa kumbukumbu haikukubali kufutwa kwa agizo la rangi ya usuli, kwa sababu kivinjari kilikuwa kimejiwekea kauli ya mwisho. Basi watu wakaifunika kwa kivuli cha ndani cha pikseli 1000, kama kupaka chokaa juu ya doa. Na yale maneno ya kijivu ya mfano ndani ya kisanduku yalikuwa na jina tofauti katika kila kivinjari. Ukiyaorodhesha majina yote kwenye kanuni moja kwa koma, kivinjari kilichokutana na jina kisilolijua kiliitupa kanuni nzima, hata sehemu iliyokihusu. Ilibidi kila jina lipewe kanuni yake, zilezile rangi, mara nne.

Hali imekuwa bora, na haina maana kujifanya haijawa. Mwaka 2020 Google na Microsoft walivichora upya visanduku vya Chrome na Edge kwa pamoja. Kuanzia 2021 na 2022 mstari mmoja wa accent-color unatosha kuvipa visanduku vya tiki rangi ya kampuni ya mteja kwenye Chrome, Firefox na Safari, bila kuvivunja na kuvijenga upya kwa picha. Na Aprili 2025 Chrome 135 ilileta orodha ya kuchagua inayokubali kupambwa karibu kila kiungo chake, matunda ya miaka ya kazi ya kundi la Open UI. Kivinjari kisichoijua kinaonyesha orodha ya kawaida, na mtu anachagua kidato chake kama kawaida. Fundi wa mwaka 2009 angeililia orodha hiyo. Wa leo ameijaribu jioni moja, akaipenda, na kwenye kazi za wateja bado anaiacha ya kawaida, kwa sababu kwenye simu ya kawaida orodha ya kawaida hufunguka kubwa, chini ya kidole gumba, na watu wanaijua.

Shule ile ya kwanza ilimrudia majuzi kutaka fomu mpya. Mwalimu mkuu wa wakati ule amestaafu, ila siku ya kuijaribu alikuwapo, si kama mkaguzi. Alikuja kumwandikisha mjukuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Hii ndiyo fomu yako? Ngoja nijaze mwenyewe, usinishikie."

Simu yake ilikuwa na herufi zilizokuzwa mpaka mwisho. Visanduku vilivyokuwa viwili viwili kwenye mstari vilishuka kimoja chini ya kingine, kitufe cha kijani kikakunja maneno yake katika mistari miwili, na pembe za orodha zilikuwa za aina ambayo fundi hakuiagiza. Hakuna hata kimoja kilicholingana na picha aliyoidhinishiwa. Mwalimu alijaza siku, mwezi, mwaka, akasogea hadi kwenye cheti cha kuzaliwa, akasimama.

Fundi alisogea karibu ili amweleze kile kitufe cha Kiingereza, kama alivyozoea kukiona kwenye simu yake mwenyewe. Hakikuwa cha Kiingereza. Mwalimu alikuwa ameiweka simu yake katika Kiswahili siku aliyoinunua, na kivinjari kilikuwa kimekiandika kitufe kwa Kiswahili, maneno ambayo fundi alihangaika miaka mingi kuyapachika kwa lebo za bandia.

"Hapa ananiambia nichague faili. Faili ndiyo picha?"

"Ndiyo, mwalimu. Picha ya cheti."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaanza kukitafuta cheti kati ya picha za harusi.